Muziki Usio na Maneno

Jioni moja, watoto wakiwa wametulia mbele ya televisheni, jaribu jambo hili. Ngoja mpaka filamu iwe imewashika hasa, kisha zima sauti na uache picha ziendelee. Yule mdogo aliyekuwa amejificha nyuma ya mto atanyanyua kichwa. Yule mkubwa ataanza kulalamika. Mwanamke aliye kwenye filamu bado anapanda ngazi gizani, mlango bado unafunguka taratibu, lakini hofu imeondoka chumbani mwako. Rudisha sauti, nayo hofu itarudi.

Hofu ile haikuwa kwenye ngazi wala mlangoni. Ilikuwa katika muziki, na kuna mtu aliyeketi siku nyingi akiutunga.

Sisi tuliokulia kwenye kwaya tumezoea kuuliza wimbo unasema nini. Maneno ndiyo mzigo, na sauti ni punda wa kuubeba. Basi mtoto akiketi kwenye kinanda akapiga kitu kisicho na maneno hata kidogo, tunamwuliza, “Huo nao ni wimbo gani?” Naye anajibu kwamba si wimbo, ni muziki wa filamu. Siku hizi jibu hilo linasikika katika nyumba nyingi, kwa sababu programu za kutungia muziki zimeingia hata kwenye simu. Mama anabaki akijiuliza kama hiyo ni kazi ya mtu mzima au ni mchezo wa kupotezea muda. Na mtoto huyo akiwa msichana, shaka huongezeka.

Kwa hiyo tuitazame kazi yenyewe, na wanawake walioifanya.

MTUNZI HUANZIA WAPI?

Mara nyingi mtunzi huitwa filamu ikiwa imekwisha kupigwa na kukatwakatwa. Yeye na mwongozaji huketi pamoja wakaitazama toka mwanzo hadi mwisho, wakisimama kila mara. Je, hapa muziki uanze? Umfuate nani, mtoto anayelia au baba aliyemkasirikia? Unyamaze wapi? Mtunzi hurudi nyumbani na orodha ya mahali na muda, hadi sekunde.

Tuseme filamu inaonyesha mwanamke anayerudi nyumbani jioni na kikapu chake. Anafika, anasimama. Mlango uko wazi kidogo. Basi, ni hayo tu, hakuna anayesema neno.

Mtunzi akiweka sauti moja nzito ya nyuzi, ndefu, isiyobadilika, wewe unayetazama utasema moyoni, “Usiingie, mama, kuna mwizi!” Lakini tuseme mwanzoni mwa filamu, kijana wake alipopanda basi kwenda mjini, tulisikia filimbi ikipiga sauti tano za upole. Sasa, mama akiwa amesimama mlangoni, filimbi ile inarudi, sauti zile zile tano. Wewe unajua ya kwamba kijana amerudi. Mama mwenyewe bado hajajua. Machozi yanakulenga kabla hajausukuma mlango. Na mtunzi asipoweka kitu chochote, tukasikia kuku tu na nyayo zake kwenye changarawe, tunaachwa na swali pamoja naye.

Picha ni ile ile mara zote tatu. Ndiyo maana watunzi wazuri humpa mhusika sauti yake mapema, wakati hatuna habari, ili waje waitumie baadaye. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye ufundi wenyewe, kuliko katika ngoma na tarumbeta nyingi. Na mtunzi anayejua kunyamaza ni wa kuheshimiwa kuliko anayejaza kila nafasi.

Kisha kuna hesabu. Mama anayeshona nguo ataielewa upesi. Tuseme toka mwanamke anapotokea njiani mpaka anapougusa mlango ni sekunde 15, na mtunzi anataka filimbi ianze papo hapo mkono unapogusa. Akichagua mwendo wa mapigo 60 kwa dakika, atapata mapigo 15, na muziki wa mapigo mannemanne utakatika vibaya, kama kitambaa kilichopungua nchi mbili. Akiongeza mwendo kidogo tu, hadi mapigo 64 kwa dakika, sekunde zile 15 zinachukua mapigo 16 kamili, yaani mafungu manne ya mapigo manne. Mkono unagusa mlango, fungu la tano linaanza, filimbi inaingia. Anayetazama hajui kwamba kuna hesabu yoyote iliyofanyika. Anafuta machozi tu.

Mfano unaojulikana na watoto wetu ni filamu ya katuni ya The Lion King ya mwaka 1994, ile yenye majina ya Kiswahili, Simba na Rafiki. Muziki wake wa ala ulitungwa na Hans Zimmer, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1957. Amesimulia mwenyewe kwamba aliikubali kazi ile kwa ajili ya binti yake mdogo, apate filamu moja ya kumpeleka kuitazama. Lakini alipofika mahali mwanasimba anapompoteza baba yake, alikuta anaandika habari zake mwenyewe, kwa kuwa baba yake alifariki yeye akiwa bado mtoto. Alichokiandika, anasema, ni muziki wa kumwombolezea baba yake. Mwaka 1995 alipewa tuzo ya Oscar. Ikiwa mwanao hulia pale Mufasa anapokufa, ujue kwamba analizwa na msiba wa kweli.

ZAWADI YA HARUSI

Zimmer ni mwanamume, na kwa miaka mingi karibu wote waliotajwa katika kazi hii walikuwa wanaume. Lakini kutotajwa si sawa na kutokuwepo.

Louis na Bebe Barron walikuwa mke na mume, Wamarekani, waliooana mwishoni mwa miaka ya 1940. Kati ya zawadi zao za harusi kulikuwa na kinasa sauti cha tepu, chombo ambacho wakati huo watu wachache sana walikuwa nacho. Wengine wangekiweka sebuleni kiwe pambo. Hawa walijenga studio yao ndogo mjini New York na kuanza kukusanya milio.

Louis alijua umeme. Alitengeneza mitambo midogo ya nyaya na valvu, kisha akaisukumia umeme kupita kiasi hadi ikalia, ikapiga kelele, ikaungua. Mtambo ukishaungua hauwezi kurudia sauti ile tena, kwa hiyo kila kitu ilibidi kinaswe. Hapo ndipo kazi ya Bebe ilipoanza. Aliketi saa nyingi akisikiliza tepu hizo moja baada ya nyingine, na katika vurugu ile yote alisikia ni sauti ipi yenye huzuni, ni ipi yenye vitisho, ni ipi inayofaa kufuatana na ipi. Tepu zikakatwa kwa wembe na kuunganishwa kwa mkono, kipande kwa kipande. (Mwanamke aliyewahi kuchambua gunia zima la mchele wa sherehe anajua subira ya namna hiyo.)

Hivyo ndivyo ulivyozaliwa muziki wa Forbidden Planet, filamu ya mwaka 1956, ya kwanza ya kampuni kubwa kuwa na muziki wa kielektroniki mtupu toka mwanzo hadi mwisho. Hakukuwa na kinanda ndani yake, wala fidla. Lakini mwanzoni mwa filamu, mahali pa kuandika kwamba muziki umetungwa na akina Barron, iliandikwa kwamba wametoa “milio ya kielektroniki”. Hawakuwa wanachama wa chama cha wanamuziki, na kampuni iliogopa kesi. Kwa neno hilo moja muziki wao haukuhesabiwa kuwa muziki, na njia ya kushindania tuzo ikafungwa. Ndoa yao ilivunjika mwaka 1970, ila waliendelea kufanya kazi pamoja hadi Louis alipofariki mwaka 1989. Bebe alifariki mwaka 2008.

Uingereza nako kulikuwa na Delia Derbyshire, msichana wa Coventry aliyesoma hesabu na muziki Cambridge. Alipokwenda kutafuta kazi katika kampuni ya sahani za santuri aliambiwa kwamba hawaajiri wanawake studioni. Akaingia BBC. Mwaka 1963 alipewa karatasi yenye noti za muziki wa kufungulia kipindi kipya cha televisheni, Doctor Who. Noti zilikuwa za Ron Grainer, lakini kila sauti iliyosikika ilitengenezwa na Delia kwa kunasa, kupunguza kasi, kuongeza kasi na kuunga vipande vya tepu. Inasimuliwa kwamba Grainer alipousikia aliuliza, “Kweli hii niliiandika mimi?” Alitaka Delia agawiwe nusu ya malipo ya utunzi. Taratibu za ofisi hazikuruhusu. Jina lake lilionekana kwenye kipindi hicho mwaka 2013, miaka 12 baada ya kifo chake.

WALIOTAJWA

Tuzo ya Oscar ya muziki wa filamu ilianza kutolewa mwaka 1935. Mwanamke wa kwanza kuipata kwa muziki wa ala alioutunga mwenyewe ni Rachel Portman wa Uingereza, na hiyo ilikuwa mwaka 1997, kwa filamu ya Emma iliyotokana na kitabu cha Jane Austen. Hesabu mwenyewe miaka iliyopita hapo katikati. Portman alianza kutunga akiwa na miaka 14, akasomea muziki Oxford, na ni mama wa mabinti watatu. Muziki wake wa Emma ni mwepesi, klarineti na nyuzi zikichezeana kama watu wanaotaniana mezani, nao unatuonya mapema kwamba huyu dada anayejiona bingwa wa kuwaoza wenzake hajui hata moyo wake mwenyewe.

Mwaka uliofuata tuzo ilikwenda tena kwa mwanamke, Anne Dudley, kwa muziki wa The Full Monty, filamu ya wanaume wa Sheffield waliopoteza kazi viwandani. (Mtayarishaji wake wakati huo alikuwa mume wa Rachel Portman. Hata hivyo, suluhisho ambalo wanaume wale wanalipata katika filamu si la kutazamwa na watoto, wala na mama mkwe.) Kisha kimya cha zaidi ya miaka 20.

Mwaka 2020 aliitwa jukwaani Hildur Guðnadóttir wa Iceland. Alizaliwa mwaka 1982, mama yake akiwa mwimbaji wa opera na baba yake mwanamuziki pia. Alianza kujifunza chelo, ile fidla kubwa inayopigwa mtu akiwa ameketi, akiwa na miaka mitano. Naye ni mama, ana mtoto wa kiume.

Kazi zake mbili zilizomtangaza zilitoka mwaka mmoja, 2019. Ya kwanza ni tamthilia ya televisheni iitwayo Chernobyl, juu ya ajali ya mtambo wa nyuklia ya mwaka 1986. Angeweza kutumia okestra ya kuomboleza kama ilivyo desturi. Yeye alikwenda Lithuania, kwenye mtambo wa nyuklia uliokwisha kufungwa ambako sehemu ya tamthilia hiyo ilipigwa, akavaa mavazi ya kujikinga na kutembea humo pamoja na wenzake wakinasa sauti: milango, mabomba, vyumba vitupu. Muziki wote alitengeneza kwa sauti hizo na kwa koo lake mwenyewe. Kwa hiyo unapotazama unasikia jengo lenyewe likiugua. Mnururisho haunuki wala hauonekani, na yeye alitafuta namna ya kuufanya usikike.

Ya pili, Joker, ndiyo iliyompa tuzo. Ni filamu ya kikatili ambayo nisingeiweka mbele ya mtoto, lakini namna muziki wake ulivyopatikana inafaa kujulikana. Guðnadóttir aliandika sehemu yake akiwa amesoma hadithi tu, kabla kamera haijawashwa. Mwongozaji akawa anaupiga muziki huo wakati wa kupiga picha. Katika sehemu moja mwigizaji, Joaquin Phoenix, aliusikia na kuanza kucheza taratibu peke yake, jambo ambalo halikuwa limeandikwa popote. Likabaki ndani ya filamu. Safari hii picha ndiyo iliyoufuata muziki.

Alipopokea tuzo yake hakusema mengi. Aliwageukia wasichana, wanawake, akina mama na mabinti wanaosikia muziki ukichemka ndani yao, akawaomba wapaze sauti, kwa kuwa zinahitajika.

SAUTI ZA KWETU

Tusidhani kwamba ala za kwetu hazifai kazi hii. Filamu ya The Constant Gardener ya mwaka 2005, iliyopigwa kwa sehemu kubwa nchini Kenya, ilitungiwa muziki na Alberto Iglesias wa Hispania, lakini wengi walioitazama wanakumbuka zaidi nyatiti ya Ayub Ogada na wimbo wake Kothbiro. Ogada alifariki mwaka 2019. Nyatiti ina nyuzi nane tu. Kothbiro una maneno, ya Kijaluo, lakini mtazamaji wa Ulaya asiyejua hata moja aliuelewa, kwa sababu nyuzi zile zilikuwa zimekwisha kumwambia kwamba kuna mtu ameondoka na hatarudi.

Kinyume chake pia kimetokea. Christopher Tin, Mmarekani, alipotunga muziki wa kufungulia mchezo wa kompyuta uliotoka mwaka 2005, alichukua maneno ya Sala ya Bwana kwa Kiswahili, akauita Baba Yetu. Mwaka 2011 ulipata tuzo ya Grammy, na ulikuwa muziki wa kwanza wa mchezo wa kompyuta kuipata. Sasa unaimbwa na kwaya za nchi nyingi ambazo watu wake hawajui maana ya “chakula chetu”.

BINTI AKITAKA KUTUNGA

Kama una mtoto nyumbani mwenye hamu hii, usikimbilie dukani. Kinanda kidogo kinachotumika kumfundishia nyimbo za Jumapili kinatosha, na simu inatosha kunasia. Mwambie apige picha za dakika moja za jambo la kawaida: dada yake akisuuza vyombo, babu akifunga kamba za viatu, paka juu ya ukuta. Kisha aitungie dakika hiyo mara tatu. Mara ya kwanza babu awe anakwenda harusini, mara ya pili awe anakwenda mazishini, mara ya tatu awe ameficha jambo. Asiongeze wala asipunguze picha hata moja. Waite jirani mtazame pamoja, mwulize babu anakwenda wapi. Wasipojua, mtoto arudi kwenye kinanda.

Vijana hupenda kurundika. Programu za siku hizi zinampa okestra nzima kwa kugusa kidole, na atataka kuitumia yote kwa mara moja. Mpe ala mbili tu kwa mwezi mzima. Akiwa na mtu anayezungumza kwenye picha, aepuke ala yenye sauti ya kimo kile kile cha msemaji, la sivyo maneno yatazama. Na ajifunze noti. Wako watunzi wanaoishi bila kuzisoma, lakini siku atakapotaka mpiga filimbi wa kweli amsaidie, atahitaji karatasi ya kumpa.

Jambo gumu zaidi ni muda. Kutunga kunadai saa nzima isiyokatizwa, na katika nyumba nyingi msichana hana saa ya namna hiyo. Kaka yake akiwa na vifaa vya masikioni tunasema anafanya mambo yake. Yeye akivivaa tunamwita aje kuchagua mboga. Sisemi asichague mboga. Nasema ijulikane nyumbani kwamba Jumamosi toka saa nane mpaka saa tisa haitwi, kama vile mwanafunzi wa mtihani haitwi, na kaka yake ndiye atakayekwenda dukani. Wewe mama ndiye pekee unayeweza kuilinda saa hiyo. Na kama muziki unaochemka ni wako wewe, watoto wakiwa shuleni, mumeo naye anaweza kuzoea kuchelewa kidogo kupata chai.

Halafu kuna suala la jina. Harusi za siku hizi zinapigwa video, makanisa na mashirika hutengeneza filamu fupi, na kijana anayejua kutunga ataombwa “kamuziki kidogo” bila malipo. Atoe akipenda. Lakini kabla hajatoa, pawe na karatasi. Katika kazi ya filamu iko orodha inayoandikwa jina la kila muziki uliotumika, jina la mtunzi, na muziki umechukua dakika na sekunde ngapi. Malipo ya mtunzi, filamu inapoonyeshwa baadaye kwenye televisheni, hufuata orodha hiyo. Asiyekuwa ndani yake halipwi. Hata kwa video ya dakika tano ya kikundi cha akina mama, binti aandike orodha yake, aitie tarehe, asaini yeye na asaini aliyemwomba, nakala moja abaki nayo. Na mwishoni mwa video, mahali pa majina, asikubali paandikwe “sauti” au “vifaa”. Paandikwe “muziki”, na chini yake jina lake kamili.